Tende za Samail na Maana ya Utandawazi

Muhula uliopita tuliulizwa swali la mtihani ambalo wengi wenu mtalikumbuka: fafanua utandawazi kwa mitazamo mbalimbali ya sayansi za jamii. Nilijibu vizuri tu. Niliwataja wanauchumi na soko lao, wanasosholojia na mahusiano yao, wataalamu wa siasa na dola yao, nikamalizia na utamaduni, kila mmoja na aya yake. Alama nilizopata si za kulalamikia. Lakini wiki ile ile nilirudi kwetu Fanja, nikapanda mpaka mtaa wa zamani, penye mnara, nikawa natazama mitende iliyo chini kando ya wadi. Nikaona kwamba jibu langu lote lingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajapata kuona mahala popote duniani. Makala hii inalijibu swali lile upya, na mara hii nina mahala pa kusimama.

Kwa asiyeijua, Fanja ni mji mdogo katika wilaya ya Bidbid, mkoa wa Dakhiliya, kiasi cha kilomita 70 kutoka Maskati. Umekaa mdomoni mwa bonde la Samail, na bonde hilo ndilo pengo kubwa linaloikata milima ya Hajar. Nizwa, Izki na Samail yenyewe ziko upande wa ndani. Maskati na Matrah ziko upande wa bahari. Kwa hiyo mengi yaliyotoka bara ya Omani kwenda pwani yalipita kwetu: maimamu na majeshi yao, makomamanga ya Jabal Akhdhar, na tende. Hasa tende. Safari ambayo gari inaimaliza kwa muda usiotimia saa moja, ngamia waliobeba makanda ya tende waliifanya kwa siku mbili tatu.

Nianze na neno lenyewe, maana sisi ni chama cha Kiswahili na si vizuri kulipita. Utandawazi ni neno changa. Lilienea midomoni mwa watu katika miaka ya 1990, siku za soko huria na ubinafsishaji, na Rais Mkapa wa Tanzania ni miongoni mwa waliolitumia sana. Yeye mwenyewe, pamoja na Rais Tarja Halonen wa Finland, aliongoza tume ya Shirika la Kazi Duniani iliyochunguza athari za utandawazi kwa jamii na kutoa ripoti yake mwaka 2004. Wako waliopendelea kusema utandaridhi, lakini utandawazi ndilo lililoshika. Ukilivunja unapata kutanda na wazi. Ni picha ya kitu kama wingu au mkeka, kinachoenea chenyewe mpaka kikafunika kila mahali sawasawa. Mimi naona matatizo ya fasili zetu yanaanzia hapo. Mkeka una aliyeusuka na aliyeutandika, na haufiki kila pembe ya chumba.

Wanauchumi ndio wenye fasili iliyo rahisi kupimwa, na kwa hilo nawaheshimu. Kevin O'Rourke na Jeffrey Williamson wanasema tusiite utandawazi kila safari ya mbali. Hariri, pilipili na lulu zilisafiri kwa karne nyingi bila ya kubadilisha maisha ya mkulima wa kawaida. Utandawazi, kwao, ni pale bei ya bidhaa ile ile katika nchi mbili zilizo mbalimbali zinapoanza kukaribiana, kwa sababu gharama ya kusafirisha imeshuka, na mkulima wa huku akalazimika kupanda au kuacha kupanda kwa kufuata bei ya kule. Hilo, wanasema, lilianza kwenye miaka ya 1820. Wapinzani wao, Dennis Flynn na Arturo Giráldez, wanarudi nyuma mpaka 1571, mwaka Wahispania walipoiasisi Manila, na fedha ya Amerika ikaanza kuvuka bahari ya Pasifiki kwenda China. Wanafunzi hupenda kuubeba mgogoro huu kama mpira, huku na kule. Tuuache, tuitazame tende.

Tarehe 21 Septemba 1833, Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mjini Maskati, ushuru ukawekwa asilimia 5. Mwaka 1837 Marekani ikaweka konseli wake Unguja, Richard Waters, mtu wa Salem, Massachusetts. Na tarehe 30 Aprili 1840 jahazi la Sayyid Said, Sultana, likatia nanga New York likiongozwa na Ahmad bin Naaman. Hadithi hii tunaijua sote. Inasimuliwa kila inapoadhimishwa historia ya Omani na Marekani, pamoja na picha ya Ahmad bin Naaman aliyochorwa kule na Edward Mooney, ndevu na kilemba na upanga. Watu huitazama picha wakasahau kuuliza jahazi lilibeba nini. Lilibeba pembe za ndovu, karafuu, sandarusi na ngozi kutoka Unguja; na kutoka Maskati, pamoja na kahawa na mazulia ya Kiajemi, lilibeba magunia 1,300 ya tende.

Pembe ya ndovu na zulia ni anasa. Tende si anasa. Ni chakula kizito, kinanata, kinaingia wadudu, na thamani yake kwa ratili ni ndogo. Gunia la tende likivuka rasi ya Afrika Kusini na bahari ya Atlantiki, O'Rourke na Williamson wana haki ya kutabasamu. Na nusu ya pili ya karne ile iliwapa haki zaidi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, meli za moshi zikazoea njia, na Wamarekani wakaipenda tende moja hasa: fardh. Fardh ni tende nyeusinyeusi, ngozi yake ngumu, inastahamili safari. Fardh bora ilitoka bonde la Samail. Ilivunwa kiangazi, ikapakiwa, ikateremshwa Maskati na Matrah, na kila mwaka meli zilizopakia tende za Ghuba zilishindana kuwahi New York kabla ya sikukuu ya Kushukuru ya mwezi wa Novemba na Krismasi, maana meli iliyofika kwanza ndiyo iliyopata bei. Kwa hiyo mtu wa Samail asiyejua hata iko upande gani New York alikuwa anavuna kwa kalenda ya sikukuu za Wamarekani. Kwa fasili ya wanauchumi, bonde letu lilikuwa limeshatandawazika, kama naruhusiwa kukinyanyua kitenzi hicho, kabla babu wa babu zetu hawajaiona karatasi ya dola.

Mizani ya wanauchumi ni nzuri, lakini ina kasoro moja kubwa. Inaona bei, haioni mikono. Mtende si mti wa kupandwa ukasahauliwa. Lazima upandiwe kila mwaka kuchavushwa kwa mkono, ukatwe makuti, umwagiliwe, upandiwe tena kuvunwa. Huku kwetu maji ni ya falaji. Katika Batina yalivutwa visimani kwa ng'ombe, kutwa kucha. Mahitaji ya New York yakipanda, lazima kuwe na mtu wa kuifanya kazi hiyo zaidi. Nani?

Jibu lililonisumbua nililipata katika kitabu cha Matthew Hopper kilichotoka 2015, kinachohusu utumwa na utandawazi katika Uarabuni. Wengi wetu tumefundishwa kwamba utumwa wa Omani na Ghuba ulikuwa mabaki ya zamani, desturi ya majumbani, iliyofifia kadiri dunia mpya ilivyoingia. Hopper anaugeuza mkono huo. Anaonesha kwamba biashara ya kuleta watumwa kutoka Afrika Mashariki iliendelea, na mahala pengine ilikua, katika nusu ya pili ya karne ya 19 kwa sababu dunia mpya iliingia. Dunia ilitaka tende na lulu. Mashamba na majahazi ya kuzamia lulu yakataka wanaume na wavulana. Na wanaume na wavulana wakatafutwa upande wa pili wa bahari. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash, akisukumwa na John Kirk, konseli wa Uingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la Unguja. Manowari za Kiingereza zikazunguka zikiyawinda majahazi. Wakati huo huo meza za sikukuu za New York, zilizopangwa na watu waliokuwa wametoka tu kupigana vita vyao wenyewe kuhusu utumwa, zilikuwa zinavuta tende kutoka nchi ambayo wavunaji wake wengi hawakuwa huru.

Sisemi kwamba kila mtende wa Samail ulitumikiwa na mtumwa. Wako waliokuwa wakifanya kazi kwenye mashamba yao wenyewe, wako vibarua, wako waliogawana mazao na mwenye shamba, na falaji haihitaji mikono mingi kama kisima cha Batina. Lakini fasili ya utandawazi inayoanza na bei na kumalizikia kwenye bei inaweza kuyaeleza magunia 1,300 bila ya kumtaja hata mtu mmoja aliyeyajaza.

Immanuel Wallerstein na wenzake wa nadharia ya mfumo-dunia wangeniambia kwamba hilo wao wamelisema tangu 1974: dunia ya kibepari ina kitovu chake na ina pembezoni zake, na kazi ya kulazimishwa hukaa pembezoni ikikinufaisha kitovu. Ni kweli. Ila ukiiweka Omani kwenye ramani yao inakataa kukaa. Kwa New York, Omani ni pembezoni. Kwa Unguja, kwa Kilwa, kwa Tabora, Omani ndiyo iliyokuwa kitovu. Profesa Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe Zanzibar, aliliona jambo hili vizuri kuliko nadharia yenyewe: dola ya kibiashara iliyokuwa inawanyonya wa nyuma yake huku yenyewe ikinyonywa na wa mbele yake, wenye mtaji wakiwa Wahindi na wanunuzi wakiwa wa Ulaya na Marekani. Sisi tuliotoka huku na huku tunapenda kusimulia nusu moja tu ya sentensi hiyo, kila mmoja nusu inayompendeza.

Wateja wa Afrika Mashariki nao wasidhaniwe kuwa walikaa tu wakipokea. Jeremy Prestholdt ameonesha jinsi ladha ya watu wa pwani na bara ilivyowaendesha wafumaji wa mbali. Nguo nyeupe ngumu ya Marekani, ambayo mpaka leo tunaiita merikani, ilipendwa kiasi kwamba kiwanda cha Naumkeag cha Salem, kilichoanza kufuma mwaka 1847, kilitegemea kwa sehemu soko hili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokata pamba mwaka 1861 hadi 1865, viwanda vya Manchester na Bombay vikaingia penye pengo, lakini jina halikubadilika. Huo ndio utani wa lugha: nguo imefumwa Bombay, inaitwa merikani, inavaliwa Tabora.

Wataalamu wa siasa wao huuliza: dola inabaki na nini utandawazi ukiingia? Wengi wanaandika kana kwamba swali hili lilizaliwa pamoja na mashirika makubwa ya juzi. Niwapeleke Sur, mji wa majahazi katika Sharqiya. Mwishoni mwa karne ya 19 manahodha wengi wa Sur walikuwa wakisafiri kwa bendera na hati za Kifaransa. Sababu ilikuwa wazi: Ufaransa haikukubali Waingereza wapekue chombo chenye bendera yake, na wapo waliokuwa na vitu, na watu, ambao hawakutaka wapekuliwe. Raia wa Sultani, chombo cha Sur, bendera ya Paris, mizigo ya Afrika. Sultani Faisal bin Turki aliwakataza, hawakusikia. Mwishowe kesi ikapelekwa mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ikaamuliwa tarehe 8 Agosti 1905. Mahakama ilisema kwamba tangu tarehe 2 Januari 1892, siku Ufaransa ilipouridhia mkataba wa Brussels wa kupinga utumwa, haikuwa na haki ya kuwapa bendera yake watu wa Omani, isipokuwa wale wachache waliohesabiwa kuwa chini ya ulinzi wake kabla ya 1863. Waliokuwa wadaiwa na wadai katika kesi hiyo ni Uingereza na Ufaransa. Mwenye nchi na wenye majahazi walizungumziwa tu. Mwanafunzi anayetaka mfano wa dola inayokatwa mamlaka na sheria za kimataifa, na wakati huo huo ya raia wanaozitumia sheria hizo hizo kuikwepa dola, asihangaike na karne ya 21.

Wanajiografia nitawapita haraka. David Harvey mwaka 1989 alieleza kubanwa kwa muda na masafa, yaani dunia kuwa ndogo kwa sababu safari na khabari zimekuwa za kasi. Hakuna atakayembishia katika nchi ambayo jahazi lilingoja kaskazi ili liende Unguja na likangoja kusi ili lirudi, mpaka ikaja meli isiyoujali upepo, na mwaka 1879 ukaja waya wa simu ya maandishi Unguja ulioleta bei za ng'ambo zikiwa bado moto. Ninachoongeza ni kwamba kubanwa huko hakuwi kwa wote. Waya ulimfikishia tajiri wa Unguja khabari ya soko. Mtoto aliyeibwa pwani ya Afrika akauzwa Batina, kwake yeye masafa ya kurudi kwa mama yake yalikuwa marefu mwaka 1900 kama yalivyokuwa mwaka 1800, na pengine zaidi.

Anthony Giddens ndiye anayenukuliwa kuliko wote katika mihadhara yetu. Kwa maneno yangu: utandawazi ni kuzidi kukaza kwa mahusiano ya kijamii duniani, hata yanayotokea mahali pamoja yakaumbwa na yanayotokea mbali sana. Nusu ya pili ya fasili hii ni dhahabu. Nusu ya kwanza, hilo la kuzidi, ndilo linalokataa kuingia Samail.

Mwaka 1902 mtaalamu wa mimea wa Marekani, David Fairchild, alizunguka Ghuba akikusanya miche ya mitende kwa ajili ya wizara ya kilimo ya nchi yake, na fardh ya Omani ilikuwa miongoni mwa alizozitafuta. Wamarekani walikuwa wanakula tende kwa wingi. Wakaona bora wazipande wenyewe. Mitende ikaoteshwa katika majangwa ya Arizona na California. Iliyokuja kustawi zaidi katika bonde la Coachella ni deglet nur ya Aljeria, si yetu, lakini kwa mkulima wa Samail hilo halikuwa na tofauti. Vita vya 1914 hadi 1918 vikavuruga meli. Huku bara, kuanzia 1913, maimamu na Sultani walikuwa katika vita, Samail ikawa mkononi mwa Imamu na bandari mkononi mwa Sultani. Mkataba wa Sib wa tarehe 25 Septemba 1920 ulipowapatanisha, moja ya masharti yake ilikuwa kwamba bidhaa za bara zikiingia miji ya pwani zisitozwe zaidi ya asilimia 5. Someni sharti hilo taratibu: watu waliokuwa wanauza New York walifikia kupigania haki ya kuuza Matrah. Kufika mwisho wa miaka ya 1920 biashara ya fardh na Marekani ilikuwa imeanguka. Mtu wa Samail wa 1930 alikuwa mbali zaidi na New York kuliko baba yake wa 1895.

Kwa hiyo kamba ilikaza, kisha ikalegea, kisha ikakatika, na mahala pengine ikafungwa upya. Ilikatika tena Januari 1964 kwa mapinduzi ya Zanzibar. Ikafungwa upya baada ya tarehe 23 Julai 1970, Sultani Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Nadharia zinazopanda tu kama ngazi hazina la kusema juu ya miaka hiyo ya katikati.

Na hapa ndipo na mimi naingia. Nyumbani kwetu inasemwa kwamba baba yake babu aliondoka Fanja akiwa kijana kwenda Unguja kwa sababu tende zilikuwa hazina bei. Sentensi hiyo nimeisikia tangu utotoni nikadhani ni msemo tu. Sasa naijua bei gani iliyokuwa haipo, na ilipotea kwa nini. Sithubutu kusema kwamba California ndiyo iliyompandisha jahazi. Ukame ulikuwepo, vita vilikuwepo, na ndugu waliotangulia Unguja walikuwepo. Lakini alikwenda, akafungua kiduka shamba, akaitwa Mmanga kama walivyoitwa wote waliokuja karibuni kutoka Omani, watu ambao hawakuwa na mashamba ya karafuu wala utukufu, na ambao ndio walioumia sana katika ghasia za Juni 1961 na katika mapinduzi. Bibi yangu alizaliwa kule. Alikuja Fanja akiwa mtu mzima, hajui Kiarabu cha kumtosha kununulia vitunguu.

Arjun Appadurai, na wanaanthropolojia wengine wanaomfuata, hutuambia tuutazame utandawazi kama mikondo: ya watu, ya picha, ya fedha, ya mawazo, kila mmoja na mwendo wake, haifuatani. Nampenda kwa sababu anaweza kuieleza meza yetu ya chai. Mandazi ya Unguja, tende ya Samail, kahawa chungu, chai ya maziwa ya Kihindi. Bibi anazungumza Kiswahili, baba anajibu kwa Kiarabu, sisi tunachanganya, na anayepanda mitende yetu siku hizi ni kijana kutoka Bangladesh ambaye kwa simu yake anazungumza na mkewe video kutoka juu ya mti. Yote hayo ni kweli na yanafurahisha kuyaandika. Lakini mikondo ni neno la maji, na maji hayana mwenye kulaumiwa.

Mwaka jana nilimuuliza bibi, "Bibi, hii mitende ya wazee, kabla ya hawa vijana, ikitumikiwa na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

"Watu wa kazi, mwanangu. Walikuwepo. Kunywa chai yako, inapoa."

Bibi si mtu wa kuficha. Ya mapinduzi amenisimulia mpaka usiku wa manane, ya nani alikufa na nani alinusurika na aliyewaficha alikuwa Mswahili jirani. Lakini hilo la watu wa kazi halikuwahi kusimuliwa kwake, na yeye hana la kunisimulia mimi. Katika historia ya familia yetu tuko wafanyabiashara, tuko wasafiri, tuko wakimbizi. Wengine hawapo. Utumwa Omani ulikomeshwa kisheria mwaka 1970, mwaka ule ule tuliorudi. Kwa hiyo si mambo ya kale kiasi hicho, na wajukuu wa watu wa kazi tulikaa nao dawati moja skuli.

Frederick Cooper, ambaye kabla ya kuandika juu ya utandawazi aliandika juu ya mashamba ya karafuu na watumwa wa Unguja na pwani ya Kenya, aliuliza mwaka 2001 kama dhana hii ina faida yoyote kwa mwanahistoria wa Afrika. Alikuwa na wasiwasi na ncha zote mbili za neno lenyewe. Ncha ya kwanza inadai kwamba mfumo ni mmoja na umeingia kila mahali. Ya pili inadai kwamba jambo hili ndiyo kwanza linatokea sasa. Yeye alitaka tuandike juu ya miunganiko yenyewe: inaanzia wapi, inaishia wapi, nani anaishikilia, na inashindwa kufika wapi. Baadhi ya walimu wetu wanamwona Cooper kuwa mtu wa kubomoa asiyejenga. Mimi nadhani anatupa kazi ngumu zaidi ya kujenga, na jibu langu la mtihani ningeliandika hivi leo: utandawazi ni kuungana kwa mahali na mahali pa mbali, hata maisha ya pamoja yakawa yanategemea ya pengine, kwa njia mahususi ambazo zina waliozifungua, wanaozifunga, wanaozipita kwa hiari yao na wanaopitishwa kwa nguvu. Najua ni ndefu. Wanauchumi watasema haipimiki. Lakini ndani yake nahodha wa Sur anaingia, Fairchild na miche yake anaingia, bibi anaingia, na watu wa kazi nao wanaingia, tena si kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu hao wa mwisho, kitu kimoja zaidi. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, mtumwa aliyeweza kutoroka akafika kwenye konseli ya Kiingereza mjini Maskati aliweza kuomba hati ya uhuru. Karani alimwandikia maelezo yake kwa ufupi: jina, umri, alikozaliwa, nani alimchukua, aliuzwa wapi na kwa nani, alifanya kazi gani, kwa nini amekimbia. Nyaraka hizo ziko London, na nyingi zinasomeka mtandaoni kupitia maktaba ya kidijitali ya Qatar. Ni aya moja moja, nyingine mistari sita tu. Mmoja anasema alizaliwa upande wa Unguja, alichukuliwa akiwa mtoto, akashushwa Sur, akauzwa Batina, akafanya kazi ya shamba la mitende. Ukimaliza ya huyu unakuta ya mwingine, nayo inafanana.

Zimeandikwa kwa Kiingereza na Kiarabu. Baadhi ya waliozisema walizaliwa katika pwani inayosema Kiswahili. Mimi na mwenzangu mmoja wa chama tumeanza kuzitia katika lugha hii, jioni moja kwa wiki. Mpaka sasa tumemaliza nne, na tumekwama kwenye ya tano, maana karani aliandika jina la kijiji kama alivyolisikia yeye, na hatujapata bado mtu wa Mrima wa kutuambia ni wapi.